Mgeni Hapewi Ukoko

Jumamosi, 28 Machi

Natangaza rasmi, mbele ya mashahidi wawili ambao ni paka na cherehani, kwamba kuanzia leo kopo la maziwa ya unga lililokuwa likihifadhi vifungo vyangu limepandishwa cheo. Vifungo vimehamia kwenye soksi. Kopo sasa ni Msimamizi Mkuu wa Simu, linaishikilia ihesabu dakika za zoezi la kusimama, makao yake ni juu ya stuli, mkabala na kochi. Mume wangu, Mfaume, alihudhuria hafla hiyo akiwa amekaa, kwa sababu kusimama ndiko kulikosababisha hafla yenyewe.

Mwaka jana kiharusi kidogo kilimpitia. Waliokiita kidogo hakikuwapata wao. Mdomo umerudi, mkono umerudi, mguu wa kushoto umerudi nusu. Mizani ya mwili ndiyo haijarudi. Mtu aliyetengeneza makochi Keko umri wake wote, anayekwambia kwa jicho tu kwamba kabati limeinama, sasa ameinama yeye. "Pima maji yangu imehama povu," anasema.

Idd iliyopita aliswali kwenye kiti cha plastiki, mwisho wa safu. Akarudi nyumbani, pilau hakuligusa. Mtu wa Tandika asiyekula pilau la Idd ni mgonjwa kweli. Alisema maneno manne tu: "Idd ya Kuchinja nitasimama."

Idd ya Kuchinja ni mwisho wa Mei. Katikati kuna masika yote.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Simu imeteleza kutoka kwenye kopo. Kopo limepewa onyo.

Jumatano, 1 Aprili

Siku ya kliniki. Pale tuna madaktari wa mazoezi wawili. Wenyewe husema si madaktari, ni wataalamu wa fiziotherapia, ila ukiwaita dokta wanaitika.

Felicitas ni mama wa makamo, mtu wa Mahenge, mikono mipana, na kicheko chake anakitunza kama sukari ya wakati wa vita. Elinaza ni kijana wa Kipare mwenye saa inayomwarifu moyo wake unavyokwenda, kana kwamba asingejua. Huyo hucheka kabla hujamaliza salamu.

Leo Elinaza amemrekodi Mfaume akitembea. "Mzee wangu, nataka ujione. Ukijiona utajirekebisha."

Felicitas alikuwa upande wa pili, amemshika bibi mmoja kiunoni. "Elinaza, mwulize kwanza kama anataka kujiona."

"Madam, video ni kioo tu."

"Kioo mtu anakiendea mwenyewe. Hiki unamletea usoni."

Mfaume akatazama. Kwenye simu alikuwamo mzee mmoja anayetembea kama sakafu ina moto, mkono mmoja umenyooshwa kutafuta ukuta ambao haupo. Akatazama mpaka mwisho, akamrudishia Elinaza simu.

"Huyu mzee ni nani?"

Tukacheka sote. Yeye hakucheka.

Wakati wa chai wawili hao wakaendeleza ubishi wao, na mimi nikaendelea kufunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba.

"Mie nikimshika mgonjwa hapa," Felicitas anasema, "nikasikia nyama imekaza, najua anaogopa kabla yeye mwenyewe hajajua. Hiyo video yako inakaza wapi?"

"Na mvua ikifunga njia, hiyo mikono yako itafika Tandika, madam? Mgonjwa asiyeonekana kabisa na anayeonekana kwenye simu, nani afadhali?"

"Anayeonekana nusu ndiye hatari. Ukimwona nusu, nusu nyingine unaibuni."

Mwisho wakakubaliana kama mke na mume wanavyokubaliana, yaani kila mmoja akabaki na lake. Mvua ikizuia kliniki, sisi tutarekodi mazoezi nyumbani na kumtumia Elinaza.

Alhamisi, 2 Aprili

Tangu jana Mfaume hajasema neno ila "chumvi". Nimempa chumvi.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua imefunga njia kama tulivyoahidiwa. Video ya kwanza.

Palitokea mgogoro wa magoti. Elinaza anataka magoti yaonekane. Mfaume anataka magoti yake yasionwe na mtu isipokuwa mimi na mwosha maiti. Suluhu ikapatikana kwenye suruali ya kubana aliyoisahau mkwe wetu. Mume wangu akawa kama mchezaji mpira aliyestaafu zamani sana.

Zoezi lenyewe ni kusimama miguu imekaribiana, bila kushika kitu. Mara ya kwanza alikamata kochi. Mara ya pili akayumba kama mnazi. Mara ya tatu akasimama wima, kifua mbele, utadhani wimbo wa taifa unapigwa. Nikatuma hiyo ya tatu, zile nyingine nikafuta.

Marehemu mama alinifundisha kupakua: mgeni anapewa wali wa juu, ukoko ni wa wenye nyumba. Elinaza ni mgeni kwenye simu yetu.

Kopo nimelipumzisha. Linapiga picha za kidevu. Nashika simu mwenyewe, nasimama mbele ya Mfaume, sura inatoka vizuri.

Elinaza amejibu kwa vidole gumba vitupu, mstari mzima.

Alhamisi, 9 Aprili

Mfaume amejitazama tena na tena kwenye ile video. Amekula, akaongeza.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Ukoko ulikuwa mwingi leo, wali kidogo. Lakini huo wali!

Jumamosi, 18 Aprili

Binti yetu Najat, anayeishi Bunju, ameiweka video ya baba yake kwenye stetasi. Mafundi wa Keko wamepiga simu mmoja baada ya mwingine. "Fundi, umerudi! Tukuwekee randa?" Sasa Mfaume ananyoa ndevu kabla ya mazoezi. Leo ameniuliza kama upande wa kulia haumpendezi zaidi.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Video. Nimetuma.

Jumatano, 22 Aprili

Felicitas amepiga simu mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mama, nimeziona video za mzee. Mbona hayumbi?"

"Si anapona, dokta."

"Mtu haponi bila kuyumba. Hata mimi nikivaa kiatu nayumba. Unamwona vizuri huko?"

"Namwona mchana kutwa, dokta. Ni mume wangu."

Akasema, "Haya," akakata. Kuna watu wanaumwa wakiona mwenzao ameendelea. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua. Paka ameingia kwenye picha. Tumerudia.

Jumatano, 29 Aprili

Njia bado imefungwa. Elinaza ametuma voisi, ana furaha kama amefaulu yeye: "Mzee yuko vizuri sana, tumpandishe daraja. Asimame juu ya mto wa kochi, afumbe macho. Mama uwe karibu."

Daraja! Mfaume amechagua mto mwenyewe, kwa kuubonyezabonyeza, kama mteja msumbufu.

Jumamosi, 2 Mei

Mwandiko wa leo umepinda, atakayesoma avumilie.

Ilikuwa baada ya alasiri. Mvua inapiga bati kiasi cha kusemeshana kwa kupaza sauti. Mfaume amenyoa, amevaa suruali ya mkwe, amepanda juu ya mto. Mimi nipo mbele yake na simu, karibu lakini si karibu sana, maana ukikaribia mno kichwa kinakatika kwenye picha.

"Nifumbe?"

"Fumba."

Akafumba. Kwa muda wa kupumua mara moja alikuwa mtu aliyesimama. Kisha uso ukabadilika, ukawa kama uso wa mtoto aliyeachiwa mkono sokoni, na akaenda kushoto, mzimamzima, bila kujaribu kujizuia. Bega likapiga stuli. Kopo likaruka. Simu sijui niliitupa wapi.

Nikajikuta sakafuni naye.

"Umeumia wapi?"

"Usinishike."

"Nisikushike vipi?"

"Ngoja kwanza. Usininyanyue kama gunia. Ngoja."

Nikangoja. Alikuwa anahema. Nikamwekea kanga yangu chini ya kichwa. Mvua ikaendelea na mambo yake.

"Mama Najat."

"Nipo."

"Nilikutafuta nikakukosa."

"Nilikuwa hapahapa mbele yako."

"Najua. Ndiyo nasema."

Sijui ni nani alianza kulia, na sitamtaja. Baadaye akapapasa ule mto, akasema, "Sponji hii nimeweka mwenyewe. Nzuri mno, mshenzi." Tukacheka mpaka bega likamuuma, tukaacha. Kisha akanielekeza namna ya kumwinua, kama anavyoelekeza watu kabati: kwanza ligeuze upande, halafu goti, halafu shikilia kochi, usivute, kochi ndilo livute.

Hakuvunjika. Bega limevimba na paja lina weusi.

Simu niliikuta chini ya meza, inatazama dari, bado inarekodi. Vyote vimo: kuanguka kwake, kisha dari, na sauti zetu.

"Futa," akasema kutoka kwenye kochi.

Nikaweka kidole pale pa kufutia. Kidole chenyewe kimekwishazoea. Ila nikakumbuka lile swali la Felicitas, mbona hayumbi, na kidole kikagoma. Nikamwambia nimefuta. Hapo nimesema uongo, na ndio uongo wa kwanza wa kweli niliosema tangu tuanze hizi video.

Jumapili, 3 Mei

Najat amesikia, amefika na begi. Begi la kupakia nguo za baba yake, si zake.

"Mama, inatosha. Baba ni mtu mzima, akae tu. Kwangu chumba kipo, kiti kizuri kipo, hana haja ya kusimama."

"Idd ana haja," nikasema.

"Atakaa kwenye kiti, Mungu anajua. Akianguka tena akavunjika nyonga, huyo Elinaza atakuja kumwogesha?"

Mfaume alikuwa palepale. Hakubisha. Alitazama bega lake kana kwamba ni la mtu mwingine aliyekuja kutusalimia. Hilo lilinitisha kuliko kuanguka.

Nimeomba muda mpaka kliniki.

Jumatano, 6 Mei

Njia imefunguka. Nimewaonyesha ile ya kuanguka, na hapo ndipo Mfaume alipojua sikufuta.

Elinaza alikaa kabla video haijaisha. Akauliza taratibu, "Mama, hizi ulizokuwa unanitumia, kulikuwa na nyingine?"

"Zilikuwapo."

"Ziko wapi?"

"Nilifuta. Mgeni hapewi ukoko, mwanangu."

Mfaume akatazama dari. Dari amekwishazizoea tangu alipoanguka. Felicitas akanitazama vile wanavyotazama goti lililovimba.

"Mama," akasema, "wali kaleni wenyewe. Mie nataka ukoko."

Elinaza alikuwa ameinamisha kichwa. "Ni mie niliyempandisha kwenye mto. Mwezi mzima sikumshika hata mara moja. Ulikuwa sahihi, madam. Tuachane na hizi video."

"Nani kakwambia tuache?" Felicitas akamnyang'anya simu. Akairudisha nyuma, akaipunguza mwendo kama Elinaza alivyomfundisha siku nyingine akajifanya hasikii. "Njooni. Msitazame miguu. Tazameni macho."

Tukatazama. Mfaume amesimama juu ya mto, na macho yake yamenata mahali pamoja, juu kidogo ya simu. Akafungua zile video zangu nzuri zilizopita. Kila moja, macho palepale.

"Anatazama nini hapo?"

Kila mtu alijua juu ya simu kulikuwa na nini. Kulikuwa na mimi.

"Huyu mzee hasimami kwa miguu," Felicitas akasema. "Anamshika huyu mama kwa macho. Ndiyo maana hayumbi. Akifumba, ukuta umeondoka." Kisha akaongeza, kwa shida, kama anayelipa faini: "Kwa mikono yangu nisingelijua hili. Nikimshika mie, hamtazami mtu."

Wote wakanigeukia. Nikatazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama.

"Kwenye sala ya Idd utakuwa mbele yake?"

"Wanawake tunakuwa nyuma, dokta."

"Basi ndiyo hivyo."

Maagizo mapya: asimame kwenye kona ya chumba, kuta mbili mgongoni, kiti mbele yake cha kukamata. Elinaza aje nyumbani amshike kwa mikono mpaka aridhike. Simu ishikwe na kopo. Video zote zitumwe, hasa mbaya. Na mimi nitoke chumbani.

Najat amekubali kungoja mpaka Idd, na begi amelibakiza mlangoni kama askari. Akianguka tena, kesho yake yuko Bunju.

Nilisema sitafuta nilichoandika juu ya Felicitas. Sijafuta. Nakaa nacho.

Alhamisi, 7 Mei

Kopo limerejeshwa kazini bila sherehe.

Jumamosi, 9 Mei

Elinaza amekuja, viatu mkononi, tope mpaka kwenye magoti. Mfaume akamwambia, "Leo na wewe magoti yako tumeyaona." Kijana amemshika vizuri. Hakucheka sana, na nimempenda zaidi.

Jumanne, 12 Mei

Elinaza ameridhika, kuanzia leo Mfaume anasimama peke yake. Nimeambiwa nikae jikoni. Nimekaa jikoni. Nimekatakata kitunguu ambacho hakuna chakula kilichokihitaji.

Nilikuwa nasikia kila kitu. Kiti kikisogea. Pumzi. Kimya kirefu, halafu mkono kwenye ukuta, pa! Nikasimama.

"Mama Najat!"

"Nipo!"

"Najua upo. Usije."

Nikakaa. Tumeoana zamani sana, na sikumbuki kama aliwahi kuniambia jambo zuri kuliko hilo.

Alhamisi, 14 Mei

Nimetuma ukoko wote, mpaka ule mweusi. Felicitas amejibu kwa voisi: "Asante mama. Huu umeungua vizuri." Nadhani nimesikia akicheka. Nimerudia kusikiliza, sina hakika.

Jumatatu, 18 Mei

Mvua. Ameyumba, hakuanguka.

Jumanne, 19 Mei

Sasa anajifunza kuinuka kutoka kwenye sijda. Jioni tumetazama video pamoja. Mimi sikuwahi kumwona nikiwa sipo, nani huwahi? Anaongea peke yake. Anamgombeza mguu wa kushoto kama fundi anayemgombeza mwanafunzi mvivu. Na akimaliza zoezi, kabla hajakaa, anatazama mlango, kidogo tu, kama mtu aliyesahau kitu.

Video ilikuwa mbaya. Ameyumba mwanzo mpaka mwisho. Nikamwangalia anavyojitazama.

"Huyu namfahamu," akasema.

Ijumaa, 22 Mei

Mvua inapungua. Begi la Najat paka amelifanya kitanda.

Jumanne, 26 Mei

Felicitas amepiga simu. "Mama, kesho nirekodie, hata kwa nyuma. Nataka kuona anavyoinuka."

Nyuma yake nikamsikia Elinaza: "Madam, mwache mzee aswali!"

Dunia imegeuka kichwa chini na hakuna aliyeanguka.

Jumatano, 27 Mei, Idd

Usiku ilinyesha kama masika yamekumbuka deni. Uwanja wa kuswalia Idd ulikuwa bwawa, sala ikahamishiwa msikitini. Mfaume alivaa kanzu mpya. Kiti cha plastiki kilikuwa tayari mlangoni, Najat alikibeba mwenyewe. Baba yake akakiangalia, akasema, "Kikalie wewe," akapita.

Sisi wanawake tuliwekwa ubavuni, chini ya turubai linalovuja. Mbele yangu palikuwa na pazia la kijani. Simu nilikuwa nayo mkononi. Ya kurekodi pazia. Nikaizima.

Takbira zikaanza. Sala ya Idd ina takbira nyingi, na leo kila moja ilinipitia shingoni. Nilijua sasa yupo wapi: sasa amesimama, sasa anainama, sasa paji lipo chini, sasa, sasa ndiyo anainuka, na hapo hana kona, hana kiti, wala hana mimi. Nilikuwa nasikiliza kishindo. Namwomba Mungu anisamehe, sala yangu yote ilikuwa masikio tu.

Imamu akatoa salamu. Hapakuwa na kishindo.

Akatoka akiwa katikati ya mafundi wawili wa Keko, kanzu imekunjamana, kofia imekaa upande, uso umejaa tabasamu. Najat alipomwona akakigeuza kile kiti juu chini, akalia kidogo, akasingizia turubai.

Nyumbani amekula pilau, akaomba ukoko. Begi nimempa paka rasmi.

Mchana Felicitas akapiga, nikaweka sauti ya juu.

"Alisimama?"

"Alisimama mwanzo mpaka salamu, dokta."

Kelele zilizotoka kwenye simu zilimwamsha paka. Kisha Elinaza akataka kujua kitaalamu: mzee alikaza macho mahali pa kusujudia? Alipanua miguu kama walivyofundishana? Alipoinuka alianza na goti lipi? Mambo haya ni muhimu, akasema, yatawasaidia wengine.

Mfaume akapokea simu, akameza tonge kwanza.

"Dokta wangu," akasema, "mvua ilituingiza wote ndani. Tulibanana bega kwa bega. Hapakuwa na pa kuangukia."